Meza Yetu Imekuwa ya Kijapani

Jumatatu, 3 Juni

Barua imefika! Katibu wa Chama cha Marafiki wa Japani kanisomea mlangoni baada ya kazi. Wanachama tuko kumi na mmoja. Anayejua anachokifanya ni mmoja, na unyenyekevu unanizuia kumtaja. Wiki ijayo anakuja mama mmoja kutoka Japani, mlezi wa jumba la filamu za zamani. Atakaa siku tano. Atachagua mtu mmoja, mmoja tu, aalikwe kwao kwa wiki mbili. Miji mitatu, treni zao, kumbi za sinema zenye umri wa babu yangu. Miaka kumi na tano nimeingoja barua hii. Nikakalia ndoo ya mfagiaji.

Tatizo: Karate naye kajiandikisha. Muuza magodoro. Jina hilo kajipa mwenyewe. Kwake Japani ni watu kupigana juu ya mapaa. Filamu nzuri, ambayo mzee anamenya tunda dakika nne bila kusema neno, yeye huiita hitilafu ya mashine. Kila mmoja wetu wawili ataonyesha filamu moja mbele ya mgeni: yeye Ijumaa, mimi Jumamosi.

Fomu ya likizo nimeshajaza. Mkuu wa masjala kaniuliza kama nimechaguliwa. Nikamjibu bado, ila ni suala la muda. Kaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Jumanne, 4 Juni

Nimewaza siku nzima, mafaili yakasubiri. Mgeni lazima atapenda kufika nyumbani kwangu. Akute nini? Makochi ya maua na meza ndefu ya kulia, kama kwa mtu yeyote! Watu wa kwenye filamu zangu hula wamekaa chini. Nimeazima msumeno kwa jirani.

Meza ni ya mvule. Marehemu baba mkwe aliichonga kwa mikono yake, akatukabidhi siku ya harusi. Mguu wa kwanza umenitoa jasho saa nzima. Wa pili nikakosea kipimo. Ikabidi nirudie wa kwanza. Kisha wa tatu ukawa mfupi kuliko wote, nikarudia tena. Mbao za kuungia miguu nazo zikabaki bila kazi, nikazitia stoo pamoja na vipande, viti na makochi. Sasa meza iko chini kuliko nilivyokusudia, lakini imetulia. Inayumba kidogo tu.

Mke wangu karudi kutoka zamu ya hospitali. Kasimama mlangoni. Kataka kuweka mkoba mezani kama kawaida yake, ukaenda, ukaenda, mpaka akainama. Ndipo akaniarifu kwamba mama yake anaingia kesho. Anakuja kutibiwa magoti.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe yupo. Magoti yake hayakunjiki. Kauliza meza iko wapi. Nikamwambia, mama, ndiyo hiyo. Kaiangalia muda mrefu. Kauliza miguu yake. Nikasema ipo stoo.

"Umeihifadhi vizuri, mkwe wangu," akasema. "Na hii yangu ikishindikana, utaikata uiweke huko huko."

Nimemweleza kwa adabu zote kwamba kukaa chini kunanyoosha mgongo na kutuliza roho. Kasema roho yake imetulia tangu zamani, tatizo ni kushuka. Anakula amesimama, sahani mkononi, kama mlinzi wa geti. Watoto wanakula wamelala kifudifudi. Mke wangu anakula jikoni. Mezani nimebaki mimi. Miguu ikafa ganzi, wakaninyanyua wawili.

Na mama mkwe anaongea! Televisheni yetu imekosa sauti tangu Machi. Basi yeye anaisemea. Msomaji wa habari akifungua mdomo, mama mkwe anatoa habari. Mkulima kwenye tangazo la mbolea kampa mke mkorofi na kesi ya mpaka. Watoto wamegoma, hawataki tena ipelekwe kwa fundi. Mtu unatafuta utulivu wa Kijapani, nyumba inakuwa soko.

Jumamosi, 8 Juni

Filamu yangu imefika kwa flashi. Johari! Mzee mtengeneza miavuli, binti yake anaolewa mbali. Haina sauti wala muziki. Baada ya kila kitambo kidogo yanatokea maandishi ya Kijapani, basi. Katibu kauliza nani atawasomea watu. Nikamjibu kwa kumtazama tu.

Hapa shajarani naweza kusema kweli. Miaka sita najifunza Kijapani kwa simu. Naweza kusema: kalamu iko juu ya meza. Katika maandishi yote ya filamu nimetambua alama mbili, "mlima" na "moja", na filamu haina mlima.

Lakini kusoma kwa nini? Filamu ya namna hii hutazamwa kwa kimya. Kimya ndiyo Japani yenyewe! Nimeandika masharti kwenye manila: hakuna kuongea, hakuna kutafuna, hakuna kumweleza jirani. Juu nikaweka kwa herufi kubwa: KIMYA KINGI KINA MSHINDO MKUU.

Jumapili, 9 Juni

Karate kanipitia. Ukumbi wake umeshajaa, watu mia na ishirini, kuna watakaosimama. Kwangu wamejiandikisha tisa, na wanne ni ndugu. Kaja kuniomba ushauri, eti mimi ndiye msomi wa chama. Tabasamu lake lilinichefua.

Nikamshauri. Asitegemee filamu tu, avunje na ubao kwa mkono mbele ya mgeni. Ubao usipovunjika, nilijisemea, ataaibika, na mashindano yatakuwa yamekwisha. Kauliza atapata wapi ubao. Nikaingia stoo nikamtolea mmoja wa zile za kuungia miguu ya meza. Nikamwambia ni laini. Sikusema laini kwa nani.

Jumatano, 12 Juni

Mgeni kafika. Mama mzee, mdogo wa umbo, raba miguuni, begi la kitambaa. Kwenye mapokezi nilimwinamia kwa heshima, nikainama sana, na nilipoinuka alikuwa anasalimiana na Karate.

Nikangoja zamu yangu nikamwambia ile sentensi. Akageuka kutafuta meza. Akaikuta. Akatafuta kalamu juu yake. Haikuwepo. Ikabidi nimpe ya kwangu. Kaipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Nahesabu kwamba tumeshakuwa marafiki.

Nikamkaribisha nyumbani. Katibu akadakia kwamba ratiba imejaa, mgeni hatatembelea nyumba ya mtu yeyote. Yeyote! Na meza yangu je?

Ijumaa, 14 Juni

Ubao haukuvunjika. Kilichovunjika ni mkono wa Karate, mara mbili, kwa sababu alirudia.

Nilikaa nyuma nikijizuia kufurahi. Kumbe najipalia makaa. Mgeni kaacha kila kitu, akampeleka mwenyewe hospitali. Saa tatu kwenye benchi, kamshikia begi, kampepea kwa programu ya onyesho. Saa tatu! Mimi nilipata kushukuriwa kalamu tu.

Na nani alikuwa zamu chumba cha plasta? Mke wangu. Karate kabeba ubao ule kama ushahidi, anauonyesha kila mtu. Mke wangu kauangalia mara moja, akaijua kazi ya baba yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Karudi nyumbani nao kwapani, akaulaza mezani mbele yangu. Akasema kesho yuko zamu, kwa hiyo mama yake nitakwenda naye mimi kwenye filamu yangu, na nimtafutie kiti chenye mgongo. Haikuwa ombi.

Jumamosi, 15 Juni

Nina uchungu. Naandika kwa mpangilio nisije nikaruka kitu.

Saa tisa alasiri, ukumbi wa chuo cha ushonaji. Watu ishirini na watatu, nimewaapisha kimya mmoja mmoja mlangoni. Karate kaja, mkono kauning'iniza shingoni, kapewa kiti cha mbele. Mama mkwe nikamficha nyuma kabisa, kati ya vyerehani. Taa zikazimwa. Kimya. Kimya kizuri ajabu! Mzee anashona mwavuli, dakika kumi. Binti anakunja nguo, dakika ishirini. Mtu akaanza kukoroma. Akapata mwenzake.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Mama mkwe anamwambia jirani yake kwamba yule binti hataki kuondoka, amtazame, nguo hiyo hiyo anaikunja mara ya tatu. Nikageuka nikajiwekea kidole mdomoni anyamaze. Kadhani namwambia hasikiki, akapaza. Mara akawa mzee mwenyewe, anakohoa. Mara akawa mshenga, anajisifu. Akawa hata mbwa. Waliolala wakaamka, watu wakageuza viti, na wote ishirini na watatu walioniapia wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikainuka kwenda kumtoa. Mgeni naye kainuka. Nikashukuru: atamtoa yeye, ukoo usinilaumu mimi. Akamfikia. Akamwinamia, kwa muda mrefu kuliko nilivyomwinamia yeye. Akamshika mkono, akamtembeza polepole katikati ya watu mpaka mbele. Akachukua kiti, na kiti chenyewe kilikuwa changu, akakiweka ubavuni mwa skrini, akamkalisha.

Mwisho wa filamu binti anaondoka, baba anampa mwavuli. Mzee alifungua mdomo mara moja tu kwenye skrini.  Mama mkwe akasema taratibu, kwa sauti nzito ambayo sijaisikia tangu tumzike baba mkwe:

"Mwanangu, sina cha kukupa ila kazi ya mikono yangu. Huko uendako mimi nitakuwa mbali, hiki kitakuwa karibu. Kitunze. Asije mtu akakikata miguu."

Watu wakacheka. Halafu wakalia. Mgeni analia, Katibu analia, Karate anajifuta kwa mkono mzima. Hata mimi nikaazima leso. Lakini ukweli usemwe: mwavuli hauna miguu. Kosa la wazi kabisa, na katika ukumbi mzima hakuna aliyeliona isipokuwa mimi.

Jumapili, 16 Juni

Kachaguliwa mama mkwe.

Mgeni kaeleza kwa Kiingereza, Katibu akitafsiri. Zamani kwao filamu zisizo na sauti hazikutazamwa kimya. Pembeni mwa skrini alikuwepo msimulizi, na watu walikuja kumsikia yeye kama walivyokuja kutazama picha. Babu yake alifanya kazi hiyo. Sauti ilipoingia kwenye filamu, kazi ikaisha. Uzeeni aliwasimulia wajukuu filamu nzima nzima akiwa ameutazama ukuta mtupu. Mgeni kasema hakuelewa neno hata moja la mama mkwe, lakini alimsikia babu yake. Katibu kamtafsiria yale maneno ya mwisho. Kacheka, akasema maandishi yenyewe yanasema: "Chukua, kutanyesha."

Nimekifungua kitabu changu kikubwa cha sinema ya Japani. Yote yamo. Ukurasa wa 112. Niliuruka kwa sababu hauna picha.

Mama mkwe kauliza jambo moja tu: huko kwao viti vipo? Mgeni kamhakikishia vipo tele. Hata kwenye treni. Kisha mama mkwe kaniangalia mimi, nikaangalia dari.

Lakini sikiliza! Kwa ajili ya magoti, karuhusiwa mtu mmoja wa kumsindikiza. Kamba haijakatika.

Jumatatu, 17 Juni

Leo nimekuwa mkwe ambaye kila mama angemwomba. Chai kitandani. Maji ya moto ya kukanda magoti. Nimemsifia sauti, hasa kwenye mbwa. Jioni nikatoa viti na vipande vyote stoo, nikaanza kuirudishia meza miguu yake kwa gundi na misumari. Mke wangu kasema gundi ikauke siku mbili. Siku mbili! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikaweka kitambaa, nikaweka sahani, nikamvutia mama mkwe kiti.

Kaketi. Katabasamu, mara ya kwanza tangu aje. Kaigusa mbao kwa kiganja, akaipapasa. Nikajua ng'ombe nimemla, umebaki mkia. Kisha akaegemeza kiwiko.

Meza ilipiga magoti taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, na mchuzi wote ukaja kwangu.

Jumanne, 18 Juni

Mama mkwe katuita sebuleni. Kasema atakwenda na binti yake, ndiye anayeyajua magoti. Mke wangu, ambaye kwa miaka kumi na tano hajamaliza filamu yangu hata moja bila kusinzia! Karukaruka kama msichana. Sijamwona hivyo tangu harusi yetu.

Niliumia, sifichi. Nikatoka nikakaa ngazini. Mama mkwe akanifuata, akasimama ubavuni, maana kule chini hafiki. Kaniwekea mkono begani.

"Usijali, mkwe wangu," akasema. "Nikirudi nitakusimulia."

Najua atasimulia vizuri kuliko ilivyo, na bado nilitaka kwenda.

Kazini nimekuta likizo yangu imekubaliwa. Fomu ina duara la kikombe cha chai katikati. Wiki mbili zile zile! Nilikaribia kuikataa, halafu nikawaza. Wiki mbili nitakuwa peke yangu na watoto na nyumba. Wao huko watakuwa wanalala chini, kwenye magodoro membamba, kama kwenye filamu zangu. Watarudi wamezoea, halafu wakute vitanda virefu kama majukwaa? Hapana. Nataka wafungue mlango wafurahi. Nitaanza na cha mama mkwe, yeye ndiye mwenye magoti.

Msumeno wa jirani bado ninao. Na safari hii nitapima kwanza.