Snaipa wa Mutomo

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Leo nimekosewa heshima ndani ya boma langu. Nthenya, mke wa mwanangu Jonah, ameandikisha jina langu hospitalini bila kuniuliza. Madaktari wa macho wanakuja Mutomo Ijumaa. Ati nina mtoto wa jicho. Mimi, Nyamai!

Nimemwambia macho haya yaliwahi kuona kanga akikimbia ndani ya kichaka, na mshale ukamfuata humo humo. Nthenya akasema, kwa upole, akiangalia chini, kwamba juzi nilisalimia tangi la maji. Kweli nililisalimia. Nikaliuliza habari za watoto. Katika nchi kavu kama hii maji yanastahili salamu.

Shida yote imeletwa na Mulei. Ni mtu wa rika langu. Mwaka jana alipasuliwa macho na tangu hapo adabu imemtoka. Anasoma kila kitu kwa sauti: vibao vya maduka, maandishi ya magunia, fulana za watu wakipita. Leo amekuja kuniambia kola yangu ina uchafu. Kola hii nimeivaa miaka yote na haijawahi kulalamika.

Halafu akajisifu. Ati sasa anacheza gemu ya bunduki pale kwa Hemedi, na yeye ndiye snaipa, yule anayelenga kutoka mbali. Mulei! Ambaye tukiwa vijana alilenga swala akapiga mti, na hata huo mti hakuwa anauona! Nikamwambia nitamshinda nikiwa nimelala.

Nthenya alikuwa jikoni akasikia. Akasema basi, Baba, tupatane. Alhamisi nipambane na Mulei kwa Hemedi. Nikishinda, jina langu linafutwa na habari ya macho haitajwi tena katika boma hili. Nikishindwa, Ijumaa naenda kupasuliwa bila kelele.

Nimekubali haraka, kabla hawajageuza maneno. Maskini. Hawajui wanaongea na nani.

(Naandika herufi kubwa. Si kwa sababu ya macho. Mtu mkubwa huandika herufi kubwa.)

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimekwenda kwa Hemedi. Zamani alikuwa akiuza magodoro. Sasa ameweka skrini pale magodoro yalipokuwa, na shule zikiwa zimefungwa, vijana wamejaa kama nzige. Binti yake Safa ndiye msimamizi. Amenifundisha.

Ni watu watano kwa watano. Kila mmoja ana kazi yake. Mwenye ngao anatangulia. Mkimbiaji anapeleleza. Fundi anajenga bunduki inayosimama peke yake na kupiga. Daktari anaponya wenzake kwa mwanga wa manjano, lakini ni lazima aje karibu na mgonjwa. Snaipa anakaa mbali na kulenga. Nimeelewa mara moja. Hii ni mwethya tu, kazi yetu ya pamoja, kama tunapochimba matuta: mmoja anachimba, mwingine anabeba, mwingine anaimba ili watu wasichoke. Nikauliza nani anapika. Safa akasema hakuna. Jeshi bila mpishi! Nikamwambia ndiyo maana wanakufa sana.

Kuna aina ya kunyang'anyana bendera. Kuna ya kushika mlima. Kuna ya mkokoteni: upande mmoja unausukuma hadi mwisho wa barabara, upande mwingine unauzuia mpaka muda uishe. Alhamisi tutacheza ya mkokoteni. Mulei na watu wake watasukuma, sisi tutazuia.

Hemedi ameipanga gemu yake kwa ukali. Risasi inaumiza hata mwenzako. Anasema bila hivyo watu hupiga tu ovyo bila kuangalia. Ni kweli, vijana hawaangalii.

Nimechagua kuwa snaipa, bila shaka. Leo nimepiga ukuta. Nimepiga pipa. Nimepiga fundi wetu, ambaye ni Safa. Baadaye nimepiga mtu mwingine, naye pia alikuwa Safa. Akaniuliza, mzee, kwani tumekosana? Nikamwambia kioo cha skrini yake kina vumbi. Nikakipangusa kwa koti. Hemedi akapiga kelele kwamba nimekifanya kibaya zaidi.

Kioo cha watu kikiwa kibovu, mlengaji afanye nini?

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimepata njia! Nilikuwa mjinga kutumia macho. Mwindaji hutumia masikio.

Ile kofia ya masikioni wanayotuvalisha wakati wa kucheza inaleta sauti za nyayo. Mwenye ngao anatembea kwa uzito kama fahali. Mkimbiaji anaparuza. Na Mulei, kwa sababu ni Mulei, hawezi kutulia mahali pamoja, anazungukazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nikafumba macho. Nikasikiliza. Nikafyatua.

Mulei akaanguka!

Amesema ni bahati. Amesema nilikuwa nimelenga ndege. Mwacheni aseme. Nimetembea kutoka kwa Hemedi hadi soko la mbuzi nikitangaza, na kurudi kwa njia ya posho mill, pale wanaposaga unga, ili wale wa upande ule wasikose habari. Kuna mtu nilimweleza yote kwa urefu na hakunijibu. Kumbe alikuwa mzigo wa makaa umefunikwa na shuka. Lakini alisikiliza vizuri.

Kuna tatizo dogo. Kijana aliyekuwa daktari wetu ameitwa na shangazi yake Kwa Vonza. Safa anasema tusijali, amepata daktari mwingine, mtu mzima, mwenye mikono mitulivu. Hakutaka kuniambia ni nani. Nikamwambia hata akileta mbuzi ni sawa. Mimi sihitaji kutibiwa.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Naandika haya mkono ukiwa mzito.

Watu walijaa kwa Hemedi mpaka mlangoni. Daktari akaingia akaketi mwisho wa benchi. Ni Nthenya! Kumbe huwa anacheza na watoto wake, Jonah akiwa safarini Emali na malori. Mulei akacheka, akamwambia, mama, wewe si ndiye unayetaka huyu mzee ashindwe? Nthenya akasema anataka nishindwe kwa haki. Hataki ushindi wa kuiba. Atanitibu kama mwingine yeyote.

Hapo ndipo shida ilipoanza.

Mke wa mwana haji karibu na baba mkwe. Hatushikani mikono. Nikija njiani yeye hupisha, na yeye akiniletea chakula hukiweka chini na kuondoka. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yetu, na nimeishika tangu alipoolewa. Sasa nimepigwa risasi ya bega na Mulei, damu inanitoka, na daktari anakuja mbio na mwanga wake anisimamie kifua kwa kifua mbele ya soko zima!

Nikakimbia.

Akanifuata. Nikapanda ngazi. Akapanda. Nikaruka dirishani. Akaruka. Sauti yake ikaja masikioni, "Baba, simama nikutibu!" Nikamwambia asimame nyuma ya nyumba anitibu kutoka huko. Safa akalia kwamba mwanga haupiti ukutani. Hemedi akasema, mzee, hizo ni picha tu. Nikamuuliza kama picha hazina aibu. Watu wakagawanyika. Wazee waliokuwa mlangoni wakasema Nyamai yuko sawa. Vijana walicheka mpaka benchi likaanguka.

Nikafa. Nikarudi. Nikajeruhiwa, nikakimbia, nikafa tena. Huku nyuma mkokoteni unasonga. Na kwa kelele zile zote, masikio yangu hayakunifaa kitu. Mlio mmoja tu.

Basi muda ukabaki kidogo sana. Mkokoteni uko karibu na mwisho. Wenzangu wote wameanguka isipokuwa daktari. Mimi nimejificha nyuma ya magunia, sina nguvu hata ya kupigwa na jiwe. Nikaona kivuli kinakuja. Nikajitayarisha kukimbia. Lakini hakikunikaribia. Kikainama, kikaweka kitu chini, kikarudi nyuma ya ukuta. Masikioni nikasikia kwa sauti ndogo, "Baba, nimeweka chakula."

Ulikuwa mfuko wa dawa. Kumbe daktari anaweza kuutua chini na kuondoka. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alilitafuta mwenyewe, katikati ya vita, kwa ajili ya mzee anayemkimbia.

Nikasogea, nikauchukua. Nguvu zikarudi zote. Nikainua bunduki. Nikaona mtu amesimama kando ya ukuta, ametulia, hana habari. Nikamshusha kwa risasi moja. Nikaruka kutoka kwenye benchi! Nikapiga kelele kwamba Mulei amekwisha!

Hakuna aliyepiga makofi.

Halafu Nthenya akasema kutoka mwisho wa benchi, taratibu kabisa, "Baba, ni mimi."

Mulei alikuwa upande wa pili anasukuma mkokoteni. Ukafika. Tukashindwa. Hata yeye hakushangilia. Alivua kofia ya masikioni akaiweka mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

Nimerudi nyumbani peke yangu, sikutaka kusindikizwa. Nimeketi nje. Watu wanafikiri naogopa kisu. Siogopi kisu. Jambo ni hili. Mama yake Jonah, Kalunde, alijenga ghala pale kando ya uzio kabla hajafa. Mulei ananiambia limeinama, mchwa wamelila upande mmoja. Kwangu mimi limesimama. Kila asubuhi naliangalia na limesimama vizuri, na paa lake. Sasa mtu anataka kuniwashia taa usoni nione nini?

Lakini nimempiga aliyeniwekea chakula. Alikuwa karibu hivi.

Nitakwenda. Neno ni neno. Ingawa ile kofia ya masikioni ilikuwa mbovu.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimekwenda. Nthenya aliniongoza. Yeye ameshika fimbo upande mmoja, mimi nimeshika upande mwingine, na urefu wa fimbo katikati yetu. Hivyo ndivyo tulivyopita sokoni. Watu walitupisha. Mulei alikuwa nje ya duka la Hemedi na sikumsikia akisoma chochote.

Nesi akainua vidole akaniuliza ni vingapi. Nikamuuliza yeye hajui? Amesema leo watafanya la kushoto tu. La kulia baada ya wiki mbili, nikikubali.

Sikusikia uchungu. Daktari alisema hajawahi kupata mgonjwa mtulivu kama mimi. Au alisema nitulie. Mojawapo.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Wametoa bandeji.

Sitaandika mengi. Rangi ni nyingi mno. Hakuna aliyenionya kwamba bati ni jeupe hivyo. Niliangalia mikono yangu nikafikiri ni ya marehemu baba.

Nthenya alikuwa amesimama mlangoni na fimbo. Nikamwona. Kando ya masikio nywele zake zina mvi. Aliingia boma langu akiwa msichana, na kichwani mwangu amekuwa msichana miaka yote hii, akichota maji, akilea, akimngoja Jonah. Kumbe amezeeka karibu yangu na sikuambiwa.

Akaniuliza, "Baba, unaona?"

Nikasema naona kidogo. Nikaangalia chini, kama inavyotakiwa. Lakini nilikuwa nimeshaona.

Njiani nilimwambia, nikiwa mbele, bila kugeuka, kwamba ile dawa ya Alhamisi ilikuwa nzuri. Fimbo ilitikisika kidogo. Nadhani alikuwa anacheka. Au alikuwa anafanya kile kingine.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Mulei anaeneza uongo sokoni! Anasema sasa naona kwa sababu alinishinda. Anasema nimshukuru! Nimemjibu mbele ya watu kwamba macho yangu hayakuwa na ugonjwa wowote. Daktari aliyapangusa tu, kama mtu anavyopangusa kioo cha Hemedi. Nikasema pia kwamba la kulia halihitaji kupanguswa.

Nthenya akanikumbusha kwamba Ijumaa ya wiki ijayo linangojwa hospitalini. Nikamwambia tupatane. Nicheze na Mulei tena. Nikishinda, jicho la kulia linabaki kama Mungu alivyoliacha; nikishindwa, nalo linapasuliwa. Akaangalia chini, akasema sawa, Baba, lakini leo hii hii, kabla hujapumzika. Nikamhurumia. Hajui kwamba sasa ninaona mpaka vifungo vya shati la adui.

Tukaketi. Kila kitu wazi kama mchana wa Septemba. Nikamwona Mulei juu ya paa, amepiga goti, mzima mzima, hana pa kujificha. Nikatuliza pumzi. Nikalenga jinsi baba alivyonifundisha, kwa kufumba jicho la kushoto.

Nimepiga tangi la maji. Mulei akanigeukia kwa starehe akanimaliza. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Hemedi akashindwa kuvumilia akasema, mzee, unafumba lile ulilotengenezewa! Fumba hilo lingine! Ukumbi wote ukaanza kupiga kelele, fumba la kulia, fumba la kulia, hata Nthenya, ambaye hana faida yoyote nikishinda.

Nikakataa. Mtu hawezi kufundishwa kulenga na muuza magodoro. Nimefumba lile jipya mpaka mwisho wa mchezo na kulenga kwa lile la zamani. Hilo ndilo lenye uzoefu.