Foronya Sita za Kanyere

Jumanne, 7 Agosti 2001. Butembo.
Mama Débora, mwenye baraza tunaposhonea, ametoa hukumu. Baraza dogo, mafundi wawili wamezidi. Atakayetarizi vizuri jina la nyumbani la Hadassa, anayeolewa Jumamosi, kwenye foronya, abaki. Mwingine akatafute jua lake. Tumngoje Eliane, mama wa bibi arusi, arudi kutoka shambani atutajie jina.

Mshindani wangu ni Delphin. Ana mashini ya umeme inayotoa maua yenyewe. Umeme hakuna. Mashini nzuri sana, ya kuegemea.

Jumatano, 8 Agosti.
Mpango! Kwetu Wanande majina hufuata zamu ya kuzaliwa. Hesabu mabinti, jina unalo. Kungoja ni kazi ya wajinga! Nimepita kwa kina Hadassa kuomba maji. Vikombe viwili, mabinti wote nimewahesabu. Hadassa ni Kanyere! Delphin anangoja petroli ya Beni awashe jenereta. Barabara imefungwa. Pole yake.

Alhamisi, 9 Agosti.
Foronya sita tayari! Uzi mwekundu, herufi za kulala, pindo la majani. Delphin kanitania: Muzee, na kama yeye hapana Kanyere? Nimemjibu kwamba nilisoma kwa mapadre kabla baba yake hajavaa suruali. Tena nilikimbia vita kijijini Luofu na mashini yangu hii kichwani. Mtu hafiki hapa na mashini kisha akose baraza.

Ijumaa, 10 Agosti.
Nimezitandaza mbele ya wote. Hadassa akasema polepole: “Muzee, mimi hapana Kanyere. Kanyere ilikuwa dada yangu. Alibakia Luofu, mu vita.”

Nilihesabu walio hai.

Delphin alizungusha gurudumu kwa mkono. Foronya moja tu, herufi zimepinda, jina aliuliza. Baraza ni lake.

Mama Eliane akachukua moja ya Kanyere, akaikunja ndogo sana, akaiweka kifuani. Hakucheka mtu. Hata Delphin.

Jumatatu, 13 Agosti.
Nashonea kando ya barabara. Vumbi bure, halipimwi. Nimetafakari kosa langu: uzi mwekundu. Uliwachosha macho. Lakini mteja mmoja alichukua foronya, donc basi mpango wenyewe hauna kasoro.

Mke wa mchungaji Gamaliel ana mimba. Nimepita kwao kuomba maji. Nimehesabu wavulana uani. Kitambaa cha kumbebea mtoto kiko tayari, kwa uzi wa buluu: Mbusa.

Na kama ni msichana? Swali la Delphin hilo.