Kitanda cha Anselme Kiko Upande Usiofaa

Mheshimiwa Mkuu wa Sensa,

Salamu nyingi kutoka Vaubrune, kijiji ambacho barua yenu ya juzi imekiita "eneo lenye wakazi arobaini na tisa." Mmetuambia tusipofika hamsini tutaunganishwa na Lourzac, huko bondeni. Mimi, Odette Cazalbou, naibu meya, napinga kwa heshima zote, na heshima zenyewe zinakaribia kwisha.

1. Lourzac si kijiji. Ni duka kubwa na mzunguko wa barabara wenye bata wa saruji katikati. Kila mwaka wanampaka rangi mpya, wanapiga naye picha, basi wamejiona mji. Eti tuitwe Lourzac-Vaubrune, sisi tukining'inia nyuma ya kistari kama mkia! Thubutu.

2. Karani wenu alikuja Januari na viatu vyeupe. Januari, kwenye tope lile! Akaniuliza, "Bi Odette, hivi huku juu bado kuna watu?" Nikamwambia, "Wapo, mwanangu, ila wana akili, hawatoki nje." Akacheka. Kumbe mimi sikuwa natania.

3. Sasa shina la matatizo: Anselme Roudier, mgane, mfuga mbuzi. Mpaka wa vijiji viwili umepita katikati ya nyumba yake. Jiko liko Vaubrune, kitanda kiko Lourzac. Nanyi mnamhesabu mtu anapolala! Mtu akilala anafanya nini cha maana? Supu anainywa kwetu, jibini anatengenezea kwetu, hata meya anamtukania kwetu. Lourzac wanapata nini zaidi ya mkoromo?

Nilimwendea mwenyewe. "Anselme, hamishia kitanda jikoni, uwe wa hamsini, utuokoe." Akanijibu, "We Odette nawe! Kitanda cha mwaloni hiki, babu alikiundia humu humu chumbani. Hakipiti mlangoni." Visingizio tu. Mwanamume mzima anashindwa na mlango.

4. Kama hamtaki kuhesabu jiko, hesabuni makaburi. Wale hawajahama hata mmoja, wala hawashuki Lourzac kununua mkate. Mnara wa waliokufa vitani pale kanisani una majina mengi kuliko orodha yenu. Vaubrune iliwatoa wote hao serikali ilipowahitaji, na siku hiyo hakuna aliyetuambia kwamba tu wachache mno. Hapo, Mheshimiwa, naumia kwa kweli.

5. Naomba basi amri ya serikali, yenye mhuri, kitanda kihamishwe jikoni kabla hamjafunga hesabu. Ikishindikana, sogezeni mpaka. Mto wetu umeshahama mara mbili na haukumwandikia mtu barua.

Nisalimieni wote hapo ofisini, hata yule wa viatu vyeupe. Sisi huku ni wazima, wote arobaini na tisa.

Wenu, niliyekereka kwa adabu,
Odette Cazalbou
Naibu Meya, Vaubrune

N.B. Majibu msiyalete kwangu, nyumba nimeifunga tangu theluji ianze. Yaleteni kwa Anselme, na mgonge mlango wa upande wa Lourzac, maana ule wa jikoni asubuhi hatuusikii. Na habari ya mwaloni ni kweli, namwomba radhi. Tumekisukuma sote wawili mpaka tukachoka, tukakilalia hapo hapo kilipo. Basi andikeni arobaini na nane.