Ombi la Shetani wa Parokia Kusamehewa Kabla ya Sikukuu ya Mikaeli

Kwa Padre Inasu,
Paroko na Mwenyekiti wa Kamati ya Sikukuu,
Kisiwa cha Thekkanthuruthu, Kerala.

Baba Padre mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini goti lako linapata nafuu tangu ulipoteleza pale gatini. Mimi sijambo, isipokuwa shingo, na shingo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Kama ujuavyo, mimi Vareed, fundi cherehani wa karibu na feri, ndiye Shetani wa parokia hii, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila Sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli napakwa masizi, navishwa pembe za nyati, napiga miguu jukwaani saa tatu nzima. Mwishoni Mikaeli ananibwaga na kunikanyaga shingo, kengele zinalia, fataki zinapasuka, watu wanakwenda kula. Naomba kwa heshima zote kwamba mwaka huu Shetani asamehewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Mikaeli ni shemeji yangu. Lonappan mfuga bata, alipoanza kazi ya umalaika, alikuwa na kilo sitini na mbili. Leo ana tisini na nne. Najua, kwa sababu mavazi yake nashona mimi, na kiuno nimekiongeza kitambaa mara saba. Yale mabawa sasa ni kama kipepeo aliyetua juu ya pipa. Maandiko yanasema Shetani alishindwa na malaika. Hayasemi popote kwamba alikaliwa. Nilipomwomba apunguze kula, alinijibu mbele ya watu wote mazoezini: "Shemeji, si mimi niliye mzito, ni dhambi zako."

2. Kwenye feri, bibi mmoja aliyehudhuria ubatizo wangu hupiga ishara ya msalaba nikikaa karibu naye. Hayo nayavumilia. Lakini mwaka huu maharusi wawili wamepeleka nguo zao ng'ambo, kwa fundi asiyejua hata kukata kola, eti kwa kuwa yeye huigiza Mtakatifu Yosefu.

3. Nilipokuuliza baada ya Misa kama malaika walioanguka wanaweza kusamehewa, ulinijibu kwamba hapana. Malaika, ulisema, huona yote kwa mara moja, huamua mara moja, na uamuzi wake hauna kurudi nyuma. Sisi binadamu tunapewa muda kwa sababu tu wazito wa kuelewa. Ukanisomea na Waebrania, kwamba Bwana hakuja kuwasaidia malaika bali uzao wa Ibrahimu. Nimelitafakari neno hilo hadi nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Yaani mimi, niliyechukua miaka sita kumposa Thresia, nitaokoka kwa ubutu wa akili, na yule anaungua kwa kuwa na akili? Basi shule ya parokia tumeijenga ya nini, Baba? Si tunawasogeza watoto motoni?

Tena, Petro alikana mara tatu, akaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, akapewa kondoo achunge. Huyu wetu aliulizwa lini? Nasema aulizwe tu. Akikataa, Lonappan aendelee.

4. Mama. Mama yangu Kunjeli ana miaka themanini na minne, na kila mwaka hukaa mstari wa mbele. Nikianguka, watu wote hupiga makofi. Yeye hushika ncha ya nguo yake akalia. Nilidhani analilia shingo yangu. Mwaka jana nikamuuliza. "Wewe una nini?" akaniambia. "Wewe utaamka, utakula bata. Namlilia yule. Kaumbwa na Mungu huyu huyu, na hana hata mama wa kumwombea."

Tangu hapo humtolea fungu moja la rozari kila siku. Unajua, maana akina mama wa Jumuiya walikuja kumshitaki kwako, nawe ukamwambia kwa upole kwamba sala hizo hazifiki. Akakujibu, "Padre, wewe shika Misa. Mambo ya watoto tuachie sisi mama zao."

Daktari ameusikiliza moyo wake, akasema umechoka. Jumapili akaniita. "Vareed, kabla sijafa nataka nimwone yule akisimama. Mara moja tu." Hapo, Baba, mzaha uliniishia.

Sihitaji zaidi ya dakika tano. Mikaeli ainue mguu, asite, anipe mkono. Nisimame, ngoma zilie. Pembe zinaweza kubaki. Askofu akiuliza, mwambie mwigizaji alikosea, na Jumamosi nitakuja kuungama.

Msalimie mpishi wako Brijita, mwambie blauzi yake iko tayari. Wasalimie wanakamati wote, hata wale waliopiga makofi kupita kiasi mwaka jana. Nikiwa chini naona vizuri, nawajua.

Ni mimi, chini ya nyayo zenu,
Vareed

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mwalimu wa mchezo amepita hapa. Seremala amemkataza katakata Lonappan asiruke tena juu ya mbao za jukwaa, kwa hiyo mwaka huu tunabadilishana: yeye atalala, mimi nitakanyaga. Tafadhali usijali yote niliyoandika hapo juu. Nimewaza upya. Malaika huamua mara moja, na Waebrania iko wazi kabisa. Mabawa nimeshayapunguza, na viatu nimevipeleka vikapigwe soli ya mbao.

Nilikwenda kumwambia Mama taratibu, nisimshtue. Nikasema atakayekuwa chini safari hii ni Lonappan, ila kama bado anataka Shetani asimame, nitampa mkono. Mama akaiweka rozari kando.

"Nani? Huyu aliyekukanyaga miaka yote hii? Mwanangu, ya Mungu tumwachie Mungu. Wewe kanyaga."