Hotuba ya Kuzindua Dirisha la Marekebisho ya Kodi za Wastaafu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni shemeji yangu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati ndogo inayoisimamia kamati hiyo. Wakuu wa idara, manaibu wao, na wanaokaimu nafasi za manaibu walioko safarini. Waandishi wa habari, ambao bahasha zenu ziko kwa katibu muhtasi wangu. Na nyinyi wazee wetu wastaafu, hazina isiyochakaa, mliofika tangu asubuhi mkakaa juani kwa sababu hema limetosha meza kuu tu: nawasalimu, na naomba mjipigie makofi. (Makofi hafifu. Mzee mmoja anakohoa.)

Ndugu zangu, itakumbukwa kwamba mwaka jana, katika mchakato wa kuhuisha sistimu yetu ya kidijitali ya ritani za kodi, ilijitokeza changamoto ndogo, ambayo wasiotutakia mema wanaiita kosa, ambapo kiinua mgongo, yaani zile fedha anazopewa mtumishi mara moja tu maishani anapoagwa kazini, kiliingizwa kwenye kisanduku cha mshahara wa kila mwezi, na kompyuta, kwa utiifu wake unaojulikana, ikakizidisha mara kumi na mbili. (Minong'ono.) Msinung'unike, wazee wangu. Kitakwimu, maana yake ni kwamba kipato cha mstaafu kimepanda kwa asilimia elfu moja na mia moja bila yeye kuinua hata kidole, mafanikio ambayo nimeshaalikwa kwenye semina tatu kuyaeleza, na zote zilikuwa za kulala hotelini. (Makofi kutoka meza kuu.)

Najua wapo walioguswa. Yule mama pale mbele mwenye mkongojo namfahamu vizuri, alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. ("Wadogo zako wawili niliwapokea kwa mikono hii!") Ahsante sana, mama. Kwa mujibu wa data zetu, huyu mama ndiye tajiri kuliko wote katika mji huu, anampita hata mwenye kiwanda cha saruji, na ndiyo maana pensheni yake inakatwa yote kulipia kodi ya utajiri huo. (Kicheko. Muuguzi mstaafu anasimama. "Mwanangu, huo utajiri uko wapi niufuate? Tangu mwezi wa tatu sijaona hata senti. Mwenye nyumba kanipa mpaka Ijumaa. Mzee wangu yuko kitandani hageuki bila kugeuzwa, nimpeleke wapi? Barabarani?" Kicheko kinakatika.)

Swali zuri sana, mama, na nimelinakili kichwani. Kaa, upumzishe miguu.

(Dereva mstaafu, kutoka nyuma: "Si mfute tu hiyo namba!") Mzee, heshima yako, lakini kufuta ni hatua ya mwisho kabisa. Mtu hakurupuki akafuta! Kwanza tuliunda kikosi kazi, kikafanya upembuzi yakinifu, kikaandaa stratejia, stratejia ikatafutiwa logo, na logo ikatafutiwa fulana, hizi mnazoziona kwenye meza kuu. Karani aliyeingiza takwimu zile naye hatukumwonea; tumempandisha cheo, kwa sababu ndiye peke yake anayejua kosa liko wapi, na sasa yuko masomoni. Nami binafsi, niseme bila kujisifu maana kujisifu si tabia yangu, ni kiongozi wa kwanza katika historia ya ofisi hii kulitamka tatizo hili kwenye kipaza sauti.

Na matunda yake ndiyo haya. Nyuma yangu, ukutani, chini ya kitambaa hiki cha satini, lipo Dirisha la Marekebisho, ambapo mstaafu atafika na ritani yake, kitambulisho chake, na barua ya mwajiri wake inayothibitisha kwamba hana mwajiri, naye atahudumiwa kwa tabasamu. Nawakumbusha tu kwamba, kwa mujibu wa kanuni, kosa lolote ambalo halitakuwa limefikishwa dirishani leo kabla ya saa kumi jioni litahesabiwa kuwa ni ukweli. ("Sasa hivi ni saa kumi kasoro robo!") Mnaona? Muda upo. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na mimi nimebakiza kurasa tano, lakini kwa kuwajali nitaziruka nne.

(Anavuta kitambaa. Dirisha jipya la mbao linang'aa. Wazee wananyanyuka, wengine wanashikana mikono, foleni inajipanga yenyewe.)

Tulieni, tupate kaulimbiu kwanza! Nikisema "Kosa", nyinyi mnajibu "Limekwisha". Kosa! ("Lipo!") Kosa! ("Lipo palepale!") Nawashukuru kwa ari hiyo.

Mwisho, nitakuwa mwizi wa fadhila nisipomshukuru fundi seremala, aliyetuazima dirisha hili kwa ajili ya shughuli ya leo. Lina mwenyewe, ameshaezeka nyumba, na mkokoteni wa kulirudisha uko pale getini. Namshukuru fundi mwashi, ambaye ameridhia kutoutoboa ukuta mpaka bajeti itakapopatikana. Na namshukuru kwa dhati karani atakayekaa dirishani, yeyote atakayekuwa, maana nafasi hiyo itatangazwa baada ya kuidhinishwa.

(Muuguzi mstaafu amefika mbele, ritani mkononi. Anagonga. "Hodi humu ndani!" Anaweka uso karibu na kioo. "Jamani, huku nyuma ni tofali.")

Mama, taratibu, hicho kioo ni cha watu. (Saa ya ukutani ndani ya ofisi inagonga.) Na hiyo ndiyo saa kumi. Hongera sana, mama yangu: kuanzia sasa wewe ni tajiri rasmi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.