Asilimia Tisini na Saba ya Huruma

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Waheshimiwa Wajumbe, Mkuu wa Chuo, Manaibu wa Mkuu, Makaimu wa Manaibu, madaktari watarajiwa mnaoapishwa leo, na wewe mama mshonaji uliyesukumwa kwa kiti cha magurudumu kutoka Wodi ya Nne ili kuwawakilisha wagonjwa wanaoishi na VVU: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, mkuu mstaafu wa kitivo, niliyebakiwa na pafu moja na, kwa makadirio ya daktari wangu, wiki mbili, nina heshima kubwa kufunga rasmi Programu Shirikishi ya Kubadili Mitazamo ya Wanafunzi wa Udaktari, ambayo kwa miaka minane, kupitia semina elekezi na mikakati endelevu, imepandisha huruma kutoka asilimia kumi na mbili hadi tisini na saba nukta nne. (Makofi. Mshonaji: "Huruma ipi, baba? Kidonda changu hakijafungwa tangu juzi!")

Asante kwa mchango wako, mama. Kitaalamu hiyo inaitwa changamoto. Zamani, ndugu zangu, wanafunzi walivuta vijiti kuamua nani akamtoe damu mgonjwa wa aina hii, na aliyeangukiwa na kijiti kifupi alivaa glavu mbili mbili hata kumpima joto. Hayo sasa ni historia. (Mshonaji: "Historia ya leo asubuhi! Kimemwangukia yule binti mwenye miwani, akasema tumbo linamkata." Vicheko. Binti anainama.)

Msimcheke, jamani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Vijiti nilivianzisha mimi. Niliogopa, nikauita woga wangu utaratibu, na wanafunzi wakauandika kwenye madaftari. Dada yangu wa tumbo moja alilazwa wodi ileile. Nilimsalimia nikiwa mlangoni mpaka akafa.

Ubaguzi sifuri! (Wachache: "Sifuri!") Huruma juu! (Hakuna anayejibu.)

Kwa kumalizia, nawashukuru wanafunzi mia nne na kumi na wawili waliojaza hojaji, ambazo nilizijaza mwenyewe mezani kwangu. Nawashukuru wakufunzi wa semina, ambao sikuwahi kuwatafuta. Naishukuru na programu yenyewe, ambayo haikuwahi kuwapo. Kiapo kisubiri. Sasa hivi tutashuka sote wodini, pamoja na Mheshimiwa Mwenyekiti, tukamfunge mama huyu kidonda. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mshonaji: "Wote hao wa nini, baba? Kidonda ni kimoja.")