Mwenyekiti Hafanani na Bibingka

Jumatatu moja ya Novemba, saa tatu kamili asubuhi, Don Evaristo Lacambra aliutangazia ulimwengu kwamba uhuru wa kusema umefika Ufilipino, na kwamba umefika kwa gharama zake mwenyewe. Wiki mbili kabla alikuwa ameununua mtandao wa Tinig, mzima mzima, pamoja na watu milioni arobaini waliomo, kama mtu anavyonunua kiwanja pamoja na kuku wake. Alipanda jukwaani katika ukumbi wa Makati, katoka likizo ya gofu siku hiyohiyo, akasema:

"Kuanzia leo, kila mtu aseme lolote, juu ya yeyote, saa yoyote. Mtandao ni wangu, lakini uhuru ni wenu."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hao walikuwa wafanyakazi wake.

Perlita Catacutan aliitazama hotuba hiyo kwenye skrini ya ghorofa ya kumi na moja, kule Mandaluyong, akajua kazi imekwisha. Kwa miaka sita alikuwa mkaguzi wa Tinig: kuangalia wanachokitupia watu mtandaoni, sekunde thelathini kwa kila kimoja, na kuamua kibaki au kifutwe. Amekwisha kuona vichwa visivyo na viwiliwili kabla ya chai ya saa nne. Amekwisha kuona mambo ambayo hakumsimulia hata padri. Sasa kama kila mtu aseme lolote, mkaguzi wa nini tena? Alianza kukusanya vitu vyake: kikombe, sweta la kujikinga na baridi ya kiyoyozi, sanamu ndogo ya Bikira Maria.

Bosi Wendell, msimamizi wa zamu, alimkuta akifunga mfuko.

"Unakwenda wapi, Perlita?"

"Nyumbani, bosi. Si tumepata uhuru?"

"Kaa chini. Uhuru unahitaji watu wengi kuliko zamani. Tunaajiri mia tatu."

Akaeleza kwa upole, kama mwalimu wa chekechea. Idara ya Ukaguzi imevunjwa. Mahali pake, kwenye viti vilevile, imeundwa Kurugenzi ya Ulinzi wa Uhuru. Neno "kufuta" limefutwa. Kuanzia sasa chapisho lisilofaa halifutwi; linapumzishwa.

"Linapumzishwa mpaka lini?" Perlita aliuliza.

"Mpaka litakapopata nguvu."

"Likipata nguvu linarudi?"

"Hapana. Linaendelea kupumzika."

Mambo yangekwenda vizuri kama si ile likizo ya gofu. Jua la Batangas lilikuwa limemchoma Don Evaristo mashavu yakawa na mabaka ya kahawia, na pale kofia ilipokaa pakabaki peupe kama yai la chumvi. Uso wenyewe mpana, wa duara, na umebonyea kidogo katikati. Saa mbili hazikupita tangu hotuba, dereva mmoja wa teksi kutoka Cavite akaweka picha ya Mwenyekiti kando ya picha ya bibingka, ule mkate wa unga wa mchele unaookwa kwa kupaliwa makaa juu na chini mpaka uso uungue mabaka, na kuwekwa kipande cha yai la chumvi juu. Hakuandika kitu. Hakukuwa na haja. Kufikia chakula cha mchana, nchi nzima ilikuwa ikimwita Don Bibingka.

Waraka Namba 3 ulitoka kabla ya saa za kazi kwisha. Ulisema kwamba bibingka, ikitumiwa kwa nia ya kumdhihaki mtu, inadhoofisha uhuru wa mtu huyo kusema bila kuchekwa, hivyo ipumzishwe. Watu wakahamia puto, mkate wa mvuke. Waraka Namba 4 ukapumzisha puto. Wakahamia suman, wali mtamu wa kufungwa kwenye jani. Waraka Namba 5 ukapumzisha suman, na kwa tahadhari, majani ya mgomba. Kijana mmoja akaandika tu, "Nina njaa." Kikao cha saa moja na nusu kilijadili kauli hiyo na kuona kwamba nia yake iko wazi.

"Bosi," Perlita alisema, "Krismasi inakuja. Wapishi wote wa nchi hii watatangaza nini?"

"Watangaze pizza. Nani amewakataza pizza? Halafu watu waseme hatuna uhuru!"

Tarehe kumi na nne Desemba, siku mbili kabla ya misa tisa za alfajiri za kungojea Krismasi, chapisho jipya lilimjia Perlita kwenye skrini. Picha ilikuwa ya bibingka, imeiva vizuri, siagi inang'aa, jibini nyeupe juu. Mashine ilikuwa imeandika pembeni: *Uwezekano wa kufanana, asilimia tisini na moja.* Chini ya picha, maneno: "Karibuni wapendwa, nipo palepale ubavuni mwa kanisa, Marikina. Wekeni oda mapema, mwaka jana wengine walirudi mikono mitupu." Na watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa wameshaweka oda.

Sufuria iliyoonekana nyuma ya mkate aliijua. Aliujua hata ufa wa kile chungu cha kuokea. Ulikuwa ukurasa wa Aling Choleng, yaani Mama Choleng, mama yake mzazi.

Sekunde thelathini. Aliinua macho kumtafuta bosi Wendell, akamkuta amesimama nyuma yake tayari, ameshika kalamu.

"Kuna tatizo?"

"Hakuna, bosi."

Akabonyeza. Ukurasa ukapumzika, pamoja na oda mia mbili na kumi na mbili, na picha za Krismasi kumi na moja zilizopita. Perlita alikwenda msalani akakaa humo mpaka mwenzake akaja kugonga.

Jioni alimkuta mama yake jikoni anakuna nazi kwenye mbuzi, simu imelazwa mezani kifudifudi kama maiti.

"Wameniua, mwanangu," Aling Choleng alisema. "Ukurasa umetoweka. Unga nimeshasaga kilo sitini. Hebu niambie wewe unayefanya kazi huko, ni mshenzi gani aliyefanya haya?"

Perlita aliangalia sakafu. "Mama... ni mimi."

Aling Choleng aliweka kifuu chini.

"Wewe?"

"Kuna waraka. Wanasema inafanana na Don Evaristo."

"Bibingka yangu?" Aling Choleng alisimama. Hakuwa mwanamke mkubwa, lakini alijua kusimama. "Kidole hicho nilikuwa nikikikata kucha mimi! Miaka thelathini na nne naoka, maaskofu wamekula, leo unaniambia nimeoka uso wa mwanamume?"

"Ningekataa wangenifukuza. Na ukurasa ungefutwa na mwingine."

"Basi si afadhali angefuta huyo mwingine!"

Mama alipakua wali, akampa mgongo. Ndipo mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta njia, "Mtu akionewa huko kwenu, analalamika wapi?"

Perlita akamweleza. Don Evaristo alikuwa amejitwalia tuzo huko ng'ambo kwa ajili ya uwazi, na uwazi wenyewe ulikuwa huu: mlalamikaji akifika mwenyewe kwenye dirisha la malalamiko, na karatasi yake mkononi, lazima apewe sababu kwa maandishi, yenye sahihi na muhuri. Hakuna aliyewahi kufika, kwa kuwa anwani ya dirisha haikuandikwa popote.

"Wewe unaijua?"

"Naijua."

"Niandikie."

Asubuhi iliyofuata Aling Choleng alifika Mandaluyong amevaa gauni la kanisani. Bosi Wendell alimpokea mwenyewe. Perlita aliwaona kupitia kioo, na mlango haukufungwa sawasawa.

"Mama yangu," bosi alisema kwa heshima zote, "mkate wako umepumzishwa kwa kuvunja Waraka Namba 3."

"Nimevunjaje, mwanangu?"

"Unafanana."

"Na nani?"

Bosi Wendell alitazama dari. "Na... mtu fulani."

"Fulani nani? Mimi mkate wangu nimeuumba kwa mkono wangu, sijamwiga mtu. Niandikie unafanana na nani, na wapi hasa, ili mwakani nirekebishe."

Ombi lilikuwa halali kabisa. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Wanasheria waliitwa. Ikiwa bibingka haifanani na Mwenyekiti, mkate hauna kosa na ukurasa urudi. Ikiwa inafanana, lazima kuandikwe. Kurudisha ukurasa kungekuwa kukiri kwamba Kurugenzi imekosea, na Kurugenzi haikuwa na fomu ya jambo hilo. Ya kufanana ilikuwapo. Ilipofika saa kumi jioni barua ilitoka, kwenye karatasi nzito yenye nembo ya kampuni:

*"Baada ya uchunguzi wa kitaalamu, Kurugenzi imejiridhisha kwamba bibingka ya mlalamikaji, hasa sehemu ya juu iliyoungua, inafanana na Mwenyekiti, Don Evaristo Lacambra, kwa kiwango kinachotosha kumtambua bila kutajiwa jina. Uamuzi huu ni wa mwisho."*

Sahihi tatu na muhuri mwekundu.

Aling Choleng aliisoma mara mbili. Akauliza kama anaweza kupata nakala. Wakampa nne.

Alfajiri ya misa ya kwanza, barua hiyo ilining'inia mbele ya kibanda chake ubavuni mwa kanisa, ndani ya plastiki, na taa juu yake. Waumini walikuja kwa ajili ya Mungu, wakatoka wakaenda kwa Aling Choleng. Wanasoma, wanatazama mkate, wanasoma tena.

"Aling, mbona huyu wangu hana shavu la kushoto?"

"Ngoja kidogo, makaa hayajashika upande huo. Unamtaka mkali au mpole?"

"Mpole. Nampelekea mama mkwe."

Watu walipiga picha ya barua, wakaiweka kwenye Tinig, Tinig ikaipumzisha. Haikusaidia. Ukuta wa kanisa haukuwa wa Don Evaristo, na watu wana miguu. Siku ya tatu foleni ilizunguka jengo. Siku ya nne alikuja mwanasheria, kijana mwenye viatu visivyopenda matope.

"Mama, barua hii inamdhalilisha Mwenyekiti. Ing'oe."

"Nani kaiandika?"

"Sisi."

"Ni ya uongo?"

Mwanasheria alikumbuka anakolipwa mshahara, akainama kufuta tope kiatuni.

"Ukiniandikia kwamba ni ya uongo," Aling Choleng alisema, "naiweka hiyo kando ya hii. Nafasi ipo. Bibingka unakula hapa au nikufungie?"

Alifungiwa mbili.

Siku ya tano, uvumilivu ulimwisha Don Evaristo mwenyewe. Wasaidizi wake walikuwa wamemshauri anyamaze, lakini mtu aliyenunua mtandao mzima ili aseme hawezi kushauriwa hivyo. Saa nne asubuhi aliandika kwa mkono wake, mbele ya watu milioni arobaini: *"Mimi sifanani na bibingka. Watu wenye akili watazame wenyewe waamue."* Na ili watu wenye akili wasihangaike, akaweka picha mbili sambamba, yeye na mkate. Picha yake alichagua ile aliyoipenda zaidi, ya kutoka gofu.

Mashine ilikamata neno, ikakamata na picha, ikalituma chapisho kwa mkaguzi wa zamu. Mkaguzi alikuwa Perlita.

Bosi Wendell alikuja anakimbia, tai begani.

"Pumzisha! Haraka, kabla halijasambaa! Anajimaliza!"

Saa kwenye skrini ilionyesha zimebaki sekunde ishirini na sita.

"Kwa sababu gani, bosi?"

"Lina bibingka!"

"Waraka unasema bibingka ya kumdhihaki mtu. Huyu hadhihaki mtu, anajitetea."

"Perlita, usinichezee. Sote tutalala nje!"

"Nikilipumzisha lazima nijaze sababu." Alifungua fomu ili bosi aone mwenyewe. "Sababu iliyopo ni moja: anafanana. Mwenyekiti anasema hafanani. Nimwandikie kwamba ni mwongo? Sahihi niweke yako?"

Kumi na mbili. Bosi Wendell aliinyanyua simu kupiga ghorofa ya juu, akairudisha, akainyanyua tena. Katika miaka sita Perlita alikuwa hajawahi kuona sekunde thelathini zikiwa ndefu namna ile. Alikumbuka vichwa, alikumbuka mambo ambayo padri hayajui, na jinsi mama yake alivyosimama kutoka kwenye mbuzi ya nazi.

"Huyu ni mtu huru, bosi," alisema. "Ana haki ya kusema."

Akabonyeza *Libaki*.

Kufikia chakula cha mchana, watu wasiojua Ufilipino iko wapi walikuwa wanajua bibingka ni nini, na inafanana na nani. Kule Norway mtu aliomba mapishi. Watu wenye akili walitazama wenyewe wakaamua, na waliamua kwa wingi mkubwa kuliko uchaguzi wowote uliowahi kufanyika nchini. Waraka Namba 9 uliondoa vyakula vyote kwenye orodha, kwa maelezo kwamba lengo limefikiwa. Ukurasa wa Aling Choleng ulirudi. Perlita aliachishwa kazi saa kumi na moja jioni, kwa barua ya mistari miwili isiyotaja sababu, kwani uwazi ulikuwa umesimamishwa kwa muda.

Alfajiri nne zilizobaki alizimalizia kibandani, anapalia makaa huku mama yake akikusanya oda. Walikuwa wameshaanza kuzungumza, ingawa zaidi juu ya moto.

Baada ya misa ya tisa gari jeusi, refu, lilisimama kando ya foleni. Kioo kikashuka. Ndani alikuwa bibi kizee mwenye rozari ya lulu, kama miaka tisini hivi. Dereva alitaka kushuka, bibi akamzuia, akamwita Perlita kwa kidole.

"Binti, ndiyo hii iliyoandikiwa barua?"

"Ndiyo, Lola," Perlita alisema, kama mtu anavyomwita nyanya yake. "Imetoka motoni sasa hivi."

Bibi aliipokea kwenye jani lake, akaishika chini ya taa ya gari. Akaigeuza kidogo kushoto. Akaipapasa kwa kidole pale palipobonyea.

"Mimi ndiye niliyemzaa," alisema. "Nilidhani mnamwonea."

Kisha akaagiza kumi na mbili, akamwambia dereva waende moja kwa moja nyumbani kwa Evaristo, kabla hazijapoa.